Bega la Baba (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Zuhura, kitinda mimba wa miaka minne, ametokwa na chunusi usoni, jasho lake linanuka kama la mtu mzima, na gauni alilonunuliwa Idd limeshakuwa fupi. Majirani wa Charambe wanasema mtoto ana jini. Hospitalini Temeke wamempima damu. Daktari ameiweka karatasi ya majibu mezani, akamtazama baba, akamtazama mama, akauliza: "Nyumbani kwenu, nani anapaka dawa ya homoni?"

SASA ENDELEA...

Zuhura alikuwa amenilalia begani wakati daktari anauliza. Bega la kushoto. Ndilo lake tangu ana miezi mitatu. Nikirudi kutoka kazini Keko, nikishaoga na kuvaa singlendi, ananirukia, shavu analibandika palepale, na usingizi unamchukua kabla mama yake hajapakua chakula.

"Ni mimi, dokta," nikasema.

"Unapaka nini?"

"Jeli. Ya kuzuia mimba. Ya wanaume."

Mke wangu alikuwa ameikodolea macho ile karatasi. Hapo akageuka. Nina miaka kumi na miwili naye ndani ya nyumba, hasira yake naijua na kilio chake nakijua, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Nilijiandaa kwa makelele, na nilistahili makelele. Yeye akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo hukufunga, Baba Shabani?"

"Sikufunga."

"Hukufunga kabisa? Tangu ule mwezi wa saba?"

"Nilikwambia nimeshaenda hospitali. Wewe ndiye uliyedhani..." Sikuimaliza. Maneno mengine mtu ukiyasikia yakitoka mdomoni mwako mwenyewe unaona aibu.

Akashusha pumzi ndefu, kama aliyetua ndoo ya maji, akauziba mdomo kwa ncha ya khanga. Nilidhani ni uchungu wa mtoto. Sikujua kwamba mwenzangu alikuwa na lake.

*

Nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hutanielewa, na pengine hata ukielewa hutanisamehe.

Mke wangu amepasuliwa mara tatu: Shabani, Rehema, na huyu Zuhura. Mara ya tatu damu ilimtoka hadi ndugu zake wawili wakaitwa usiku kuja kumtolea. Lakini kabla ya hapo, akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni mwa chumba cha upasuaji, nesi alinivuta pembeni. "Mwenzio anaomba afungwe kizazi humohumo. Anataka na wewe uridhie." Nikasema tusubiri kwanza, tutalizungumza nyumbani. Alikuwa umbali wa hatua mbili. Alinisikia.

Hatukulizungumza. Alianza sindano ya miezi mitatu, akatokwa damu wiki nzima, ikaacha, ikarudi. Akawekewa vijiti mkononi, kichwa kikamuuma hadi akashindwa kuuza vitumbua vyake. Kitanzi nacho kikamtesa, akakitoa. Najua wanawake wengi wamekaa na njia hizo miaka na miaka bila tatizo, dada yangu mmojawapo. Wa kwangu mwili ulizikataa. Tukabaki na kondomu, leo ipo, kesho tumejisahau, na kila mwezi ukikaribia namwona akihesabu vidole gizani akidhani nimelala. Mwanamke aliyekwishaambiwa na daktari "usirudie tena" anahesabu vidole gizani, na aliyelikataa lile ombi mlangoni ni mimi.

Ndiyo maana aliposhuka Kassim, mtoto wa shangazi yangu, kutoka Nairobi kuja Sabasaba mwaka 2024, nilimsikiliza kuliko ninavyosikiliza hotuba ya Ijumaa. Tulikaa karakana kwangu, juu ya mbao za mninga, akanieleza jambo ambalo yeye na mkewe walilipitia Hospitali ya Kenyatta.

Kulikuwa na utafiti, akasema, unaoongozwa na taasisi ya afya ya serikali ya Marekani pamoja na shirika la Population Council. Zaidi ya wenzi mia nne: Marekani, Chile, Italia, Sweden, Uingereza, na hapo Nairobi. Mwanaume anapewa chupa ya pampu. Kila siku anaminya jeli, kama kijiko kimoja cha chai, anagawa nusu bega hili, nusu bega lile. Ndani yake mna homoni mbili, testosteroni na nyingine inaitwa segesteroni.

"Inafanyaje kazi?" nikamuuliza.

Kassim anauza samani Gikomba, kwa hiyo alinieleza kwa lugha yetu. Mwanaume ana karakana ya mbegu. Bosi wa karakana yuko kichwani, kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, naye ndiye anayetuma oda kila siku. Sasa ukileta mzigo kutoka nje, bosi anaona ghala limejaa, anasimamisha oda. Segesteroni inamkazia asitume kabisa. Karakana inapoa. Na ile testosteroni ya nje ndiyo inayokuacha na ndevu zako, sauti yako na nguvu zako za kiume, kwa sababu karakana ikipoa hata ile ya kwako inapungua.

"Na ukiacha?"

"Bosi anarudi kazini. Inachukua miezi, lakini wanakufuatilia mpaka namba irudi."

Namba. Neno hilo Kassim alilitaja mara nyingi sana siku ile. Walimpima tangu mwanzo, akarudi kupimwa tena na tena, na miezi hiyo yote ya mwanzo yeye na mkewe walikuwa wakitumia kinga nyingine. Mpaka mbegu zishuke hadi milioni moja kwa mililita au chini ya hapo ndipo unaambiwa, haya, sasa mnaweza kuitegemea jeli peke yake. Hadi unaambiwa hivyo, hesabu kwamba hujaanza. Juni ya mwaka uleule watafiti walisimama Boston wakatoa majibu ya hatua ya kwanza: kati ya wanaume 222 waliopaka kwa angalau wiki tatu, 86 katika kila 100 walishafika pale ndani ya wiki 15. Maana yake wengine hawakufika.

"Niachie chupa moja," nikamwambia.

Akacheka, kisha akaona sicheki. "Haiuzwi, binamu. Hata zile tupu tulirudisha. Bado wanaitafiti." Akanishika goti. "Na ukipaka unanawa mikono, unaiacha ikauke, unavaa shati. Mkeo asiiguse, watoto wasiiguse. Hilo walitukaririsha kama Fatiha."

Hilo nalo nilisikia. Nililisikia kwa masikio mawili mazima.

Wiki hiyohiyo nikampata kijana mmoja huko Kinondoni, anashinda karibu na gym, anauza vitu vya kujaza misuli. Jina lake nitalitaja mahali panapostahili. Nilipomuuliza jeli ya Nairobi hakusita hata kidogo. "Ipo, mzee. Shilingi elfu themanini na tano." Alinipa kopo jeupe, lebo imebanduliwa, gundi bado inanata. Mimi ni fundi. Mteja akiniletea mbao iliyopakwa rangi naikwangua kwanza nijue ni mti gani. Kopo lile sikulikwangua. Nililificha karakana, kwenye boksi la misumari, nikaanza Jumapili ya kwanza baada ya Sabasaba. Baadaye nikalihamishia nyumbani, juu ya kabati. Nikawa napaka asubuhi na jioni, maana nilidhani mara mbili itawahi kuliko mara moja.

Usiku ule wa kwanza nikamwambia mke wangu: "Mambo ya uzazi nimeyamaliza. Nimeenda hospitali. Usiulize." Akadhani nimefunga, nimekatwa mirija. Alinishika uso kwa mikono miwili, akalia. Kondomu tukazitupa usiku uleule.

Ningewezaje kumwambia baada ya hapo?

*

"Ulete hilo kopo," daktari akasema nilipomaliza kumsimulia yote hayo. Alikuwa mama wa makamo, miwani kaning'iniza kifuani kwa uzi, na hakunipandishia sauti. Nadhani angenipandishia ningejisikia nafuu. "Kilichomo sikijui mpaka kipimwe. Dawa iliyosajiliwa na TMDA ina jina na namba. Hii yako haina hata lebo. Ila damu ya mtoto inaniambia testosteroni imo. Kiwango hiki ni cha mvulana aliyeanza kubalehe."

"Atapona?" mke wangu akauliza.

"Ukimwondolea chanzo, sehemu kubwa ya mambo haya hurudi nyuma. Chunusi, jasho, ukali. Ninachotaka kukiona ni mifupa. Homoni hii inaikuza mifupa haraka, na mifupa ikikomaa mapema mtoto anabaki mfupi ukubwani. Tutapiga picha ya mkono wa kushoto, halafu nitawapa rufaa ya Muhimbili akaonwe na bingwa wa homoni za watoto." Akanigeukia. "Jambo hili si geni, baba. Jeli za testosteroni wanaandikiwa wanaume waliopungukiwa. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizibandika onyo lake kali kuliko yote, kwa sababu ya watoto kama huyu. Walikuwa wanalala kwenye mabega na mikono ya baba zao."

Nilimtazama Zuhura. Kwenye shavu lililokuwa limeelekea shingoni kwangu mlikuwa na vipele vitatu vyekundu. Shavu la pili lilikuwa safi.

Daktari akaendelea, na hapa nataka wanaume wenzangu mnisikie, maana nilitegemea atanicheka. "Ulichokitaka si upuuzi. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa majibu ya wanaume wa nchi saba waliochomwa testosteroni kila wiki, na kwa wengi mbegu zilikwisha kabisa. China wakajaribu sindano ya kila mwezi kwa wanaume zaidi ya elfu moja. Kukaja nyingine ya kila wiki nane, ilizuia mimba vizuri, ikasimamishwa mwaka 2011 kwa sababu ya madhara, baadhi yao hisia zilibadilika, mtu anashikwa na huzuni asiyojua chanzo chake. Miaka yote hiyo wanasayansi wanahangaika, na wanaume kama wewe wanangoja. Lakini wenzako walipimwa. Wewe ulimpima nani?"

Nikanyamaza.

"Tutakupima na wewe. Acha kupaka kuanzia leo. Kaa siku tatu bila kukutana na mama, halafu ulete manii asubuhi."

Siku tatu hazikuwa kazi. Usiku ule mke wangu alihamia kitanda cha watoto.

Zile siku ndizo zilizonimaliza. Nilijisugua mabega kwa dodoki na sabuni ya mche hadi ngozi ikachubuka. Nikafua mashuka, singlendi, hata pazia. Jioni Zuhura akaja mbio kama kawaida, mikono juu, nami nikarudi nyuma. Nikavaa shati la mikono mirefu, nikafunga vifungo hadi shingoni, na bado sikuthubutu. Akasimama katikati ya sebule akinitazama. "Baba, bega," akasema. Nikamwambia bega linaumwa. Akaenda jikoni akarudi na kitambaa cha maji, akataka kunikanda.

*

Jumatatu, tarehe 4 Novemba, ilikuwa wiki ya kumi na sita tangu nifungue lile kopo. Picha ya mkono wa Zuhura ilikuwa imeshatoka: mifupa imetangulia umri, lakini kidogo, na daktari alitamka "kidogo" mara mbili ili tuisikie. Halafu akanipa bahasha yangu, akatoka kwenda wodini.

Niliifungulia kwenye benchi la nje, chini ya mwarobaini. Mke wangu alikuwa kando yangu, katikati yetu tumeacha nafasi ya mtu mmoja. Nikasoma ule mstari mara tatu.

Hakuna mbegu iliyoonekana.

Nitasema ukweli hata kama unaniumbua: nilifurahi. Nilimponza mwanangu, niliudanganya uso uliolia mikononi mwangu, lakini kitu kimoja kilifanya kazi. Nikamsogezea karatasi. "Ona, Mama Shabani. Sifuri. Angalau wewe ulikuwa salama."

Akaisoma. Nikaona rangi inamwondoka kuanzia midomoni.

"Sifuri," akasema.

"Hakuna hata moja."

Karatasi ikamponyoka. Akateleza kutoka kwenye benchi taratibu, magoti yakagusa mchanga, mbele ya watu, wamama waliobeba watoto wakageuka. Akanishika miguu yote miwili.

"Baba Shabani, nina mimba."

Sikusikia gari wala mtu.

"Nina mimba, na sijamjua mwanaume mwingine. Wallahi sijamjua. Nilipokosa siku zangu nilidhani wewe umefunga, nikajua hutaniamini, mama yako hataniamini, nitarudishwa kwetu Rufiji na watoto watabaki. Miezi inakwenda nabeba mwenyewe. Wiki ile uliposema hukufunga nilimshukuru Mungu mle ndani. Nikasema sasa atajua ni yake, nitamwambia." Akaiokota ile karatasi, vidole vinatetemeka. "Na leo unaniletea sifuri."

Najua wapo watakaonihukumu kwa kilichofuata. Sikumwinua. Kwa muda wa pumzi tano, sita, nilikaa nikamtazama mama wa wanangu akiwa mchangani, na kichwani mwangu zikapita sura za wanaume: mpangaji wa chumba cha uani, yule wa duka la Mpesa, yule anayemletea unga wa mchele. Karatasi ya hospitali ilikuwa na muhuri. Yeye alikuwa na kiapo tu.

Mkono uliomwinua ulikuwa wa daktari, aliyekuwa anarudi kutoka wodini. Alisoma karatasi, akatutazama, akaelewa bila kuambiwa.

"Baba, hii karatasi inasema leo," akaniambia. "Haisemi mwezi wa nane. Twendeni ultrasaundi."

Chumba kilikuwa na giza na baridi. Mama wa ultrasaundi alimlaza, akamshusha khanga, halafu akaminya jeli ya buluu tumboni kwake. Nilipoiona jeli ile inatambaa kwenye ngozi ya mke wangu mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kuifuta. Daktari akanishusha mkono.

Kwenye kioo kikaonekana kichwa. Kikaonekana kitu kinachopigapiga haraka, kama kishada kwenye upepo wa Coco Beach.

"Wiki kumi na nne," akasema mama wa mashine.

Daktari akaniegemea sikioni. "Wiki za mimba tunazihesabu tangu hedhi ya mwisho. Toa mbili. Mimba imeingia wiki kumi na mbili zilizopita. Kopo ulilifungua lini?"

Kumi na sita kutoa kumi na mbili. Nne. Nilikuwa nimepaka wiki nne tu.

"Na mbegu moja kutengenezwa mpaka ikamilike ni siku sabini na kitu," akasema. "Iliyoleta mimba hii ilianza kutengenezwa kabla hujamjua huyo kijana wa Kinondoni. Bosi alishasimamisha oda, sawa. Mzigo wa zamani ulikuwa bado ghalani."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Kassim juu ya mbao za mninga: mpaka namba ishuke, kinga nyingine. Nikapiga magoti pembeni ya kile kitanda, nikautafuta mkono wa mke wangu. Sikuwa na la kusema ila samahani, na samahani ilikuwa ndogo. Aliniacha niushike. Hakuniminya, lakini hakuutoa.

Nilikuwa bado nimeinamisha kichwa nilipogundua kwamba chumba kimekuwa kimya mno.

Mama wa mashine alikuwa ameshusha kile kifaa chini, pale kwenye kovu, akikipeleka kushoto, akikirudisha kulia, akikikandamiza. Alisogeza uso karibu na kioo. Akamtazama daktari. Daktari akavaa miwani.

"Amepasuliwa mara ngapi?" akauliza mama wa mashine.

"Tatu," nikasema.

"Zote hapahapa?"

"Zote."

Hakunijibu. Akaonyesha kwa kidole mahali kwenye kioo, pale kondo lilipokaa. Mimi niliona kivuli tu, kimejikunja juu ya mstari wa kovu kama mzizi uliopata ufa ukutani. Daktari alikitazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia na sisi:

"Baba, toka nje kidogo. Nesi, mpigieni bingwa. Sasa hivi, mwambieni aache anachofanya."

Mlango ulifungwa nikiwa korido. Nilisikia viti vinasogezwa, nikasikia mtu anauliza kundi la damu. Halafu nikasikia sauti ya mke wangu, na hakuniita Baba Shabani. Aliniita jina langu, ambalo hajalitamka tangu mwaka wa harusi yetu.

"Mrisho! Mrisho, usiwaache waamue bila mimi!"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO